Mama, Jibu la Kulwa Limefika

Unyambwa, Singida

Mama yangu,

Jibu la Kulwa limefika. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua. Kila barua ya ofisi ilipofika hapa nyumbani ulikuwa unakaa ukingoni mwa kitanda, macho yako hayaoni tena maandishi, na mimi nikiwa bado kwenye anwani unanikatiza: "Ruka hayo, Doto. Wamesema nini?" Sasa wamesema. Lakini naomba unisikilize tangu mwanzo, maana yametokea mengi tangu uondoke, na lililo kubwa kuliko yote halikutoka ofisini.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiulizwa. Nikiwa mdogo kule Itigi, treni ikisimama, abiria wanashuka kununua asali kwako pale stesheni. Mtu akisikia unaniita Doto lazima aulize, "Na Kulwa yuko wapi?" Watu walikuwa wanauliza bila ubaya. Doto ni pacha wa pili, kila mtu anajua kuna wa kwanza. Wewe ulikuwa unaendelea kufunga chupa kwa kipande cha nailoni, unakibana vizuri, ndipo unajibu: "Alitangulia." Mbele ya wageni hukuwahi kuongeza neno. Bibi mzaa baba alikushauri unibadilishe jina, nipewe lisilo na maswali. Mimi nilikuwepo, nachambua mchele. Ulimwambia, "Mama, nikimwita huyu jina jingine, yule atakuwa kama hakuzaliwa." Bibi hakulirudia tena.

Habari yenyewe ulinipa nilipojifungua Asha, nikiwa nimelala kwako na mtoto kifuani. Ulisema wewe ulipelekwa Manyoni hospitali uchungu ukiwa umekuchosha tangu jana yake. Wa kwanza alitoka mwenyewe, ukamsikia akilia kidogo, kisha wakamchukua haraka kwa sababu alikuwa anapumua kwa shida. Mimi nikakataa kutoka. Ikabidi upasuliwe. Walipokuwa wanakusukuma kwenye kitanda ulimshika baba mkono ukamwambia, "Likitokea lolote, usikubali wamzike kabla sijamwona." Baba akasema sawa. Ulipopata fahamu kulikuwa na mtoto mmoja tu pembeni yako. Muuguzi aliyekuwa zamu akakwambia mwenzake amefariki na ameshazikwa. Ukamwuliza ni wa kiume au wa kike, akasema yeye ameingia zamu sasa hivi, hajui, atakuulizia. Baba alipokuja ulimwuliza yeye. Akasema, "Nimekuta wameshazika. Sikumwona."

Ndivyo ulivyonieleza, na ulinieleza bila kulia, ukimpepea Asha kwa ncha ya khanga. Ile hospitali ulikosana nayo maisha yako yote. Hata malaria ilipokushika vibaya ulikubali ubebwe mpaka Dodoma, tukaipita Manyoni hivi hivi.

Baba alipofariki nikakuleta huku Unyambwa. Siku moja mchana tulikuwa tunapepeta alizeti, redio inasema mwananchi ana haki ya kuomba kumbukumbu zake zilizohifadhiwa serikalini. Uliacha ungo ukauliza, "Zangu na mimi?" Nikasema nadhani hata zako. Ukasema, "Basi twende. Sitaki kumshitaki mtu. Nataka kujua nilizaa nani, nimwombee vizuri."

Ile safari ya Manyoni unaikumbuka kuliko mimi. Ulivaa gauni la kijani la Idi. Ulisimama kwenye lango la hospitali kwa muda, ukaniambia rangi zamani ilikuwa nyingine, ndipo ukaingia. Msichana wa masjala alitupokea kwa adabu. "Shikamoo bibi. Mafaili ya miaka hiyo hayako hapa, yalihamishiwa mkoani." Tukarudi Singida. Mkoani wakasema na kwao hayapo, yalipelekwa kwenye ghala la kumbukumbu huko Dodoma, ila maombi yanapitia kwao. Tuandike barua, tuambatanishe barua ya serikali ya mtaa na kivuli cha kitambulisho, halafu tutapigiwa simu.

Ile simu, mama. Uliikataza isiguswe na mtoto yeyote. Ukienda msalani unaifunga kwenye pindo la khanga. Ikilia ni mtu anataka mafuta ya alizeti, au ni wale wanaobahatisha namba, na wewe uso unakushuka kidogo kisha unanipa bila kusema. Baada ya miezi mingi nikaenda kuulizia. Pale masjala ya mkoa alikuwepo dada mmoja mwenye miwani, mtu mzima wa makamo, ambaye baadaye tulizoeana mpaka akawa anajua majina ya wanangu. Akafungua daftari lake, akasema ombi liko kwenye hatua. Nilipokurudishia hayo ukaniuliza, "Hatua gani?" Safari iliyofuata nikasema linafanyiwa kazi. Ukacheka kwa uchovu. "Kazi gani hii isiyotoa hata jasho?"

Nakwambia ukweli, yule dada hakuwa mtu mbaya. Siku moja alinitolea kiti ndani, akanieleza taratibu. "Dada Doto, yale mafaili yamo kwenye maboksi, mengine hayana hata maandishi juu. Wanaoyafungua ni wachache. Na ombi lenu si la peke yake, wapo waliotangulia na wao wanasubiri." Nilitamani awe na kiburi nigombane naye, nipunguze hasira. Hakunipa nafasi hiyo. Nikamshukuru nikaondoka.

Ulipoanza kudhoofika ulikuwa huniulizi tena kila siku. Uliuliza Ijumaa tu, baada ya sala. Na ile wiki ya mwisho, nakunywesha uji, ukanishika mkono wenye kijiko. "Doto, likija sipo, usije ukaliacha ofisini." Nikasema, "Litakuja ukiwepo, mama." Ukafungua mdomo upewe uji, kama mtu aliyesikia maneno ya kawaida.

Tulikuzika hapa hapa Unyambwa. Arobaini ilipopita nikaenda mkoani kumwambia yule dada. Alivua miwani akanipa pole, akanipa ya kweli. Kisha akaanza kuhangaika na karatasi zake, nikajua kuna neno linamshinda. "Ombi liliandikwa kwa jina la marehemu," akasema. "Utaratibu unataka mhusika mwenyewe, au msimamizi wa mirathi. Itabidi uanze upya."

Nikaanza upya. Mahakama ya mwanzo, karani kijana ana haraka.

"Marehemu ameacha mali gani?"

"Kitanda, vyombo vyake, na kuku."

"Warithi wanagombana?"

"Nipo peke yangu."

"Sasa usimamizi unautaka wa nini?"

Nikamwambia kuna kitu mama alikuwa amekiuliza serikalini, hakujibiwa, nataka nikapokee jibu kwa niaba yake. Aliniangalia. Halafu akainama akaandika: kuku. Akasema nilete muhtasari wa kikao cha ukoo.

Ukoo wa kukaa kikao uliobaki ni ule wa baba, kwa hiyo nikaenda Itigi kwa baba mdogo Hamisi. Amezeeka sana siku hizi, lakini bado anakwenda porini kwenye mizinga yake. Waliitwa wazee wachache, wakaweka saini na dole gumba, wakanywa chai wakaondoka. Tulipobaki wawili akaniuliza, "Hasa unatafuta nini huko, Doto?" Nikamwambia karatasi za hospitali, za Kulwa. Alikuwa anakoroga chai. Aliendelea kuikoroga wakati sukari ilishayeyuka zamani. "Ukizipata," akasema, "uje unisomee." Nikaona ni maneno ya mzee kumjali mtoto wa kaka yake. Nikapanda basi nikarudi, mahakama ikanipa usimamizi, nikapeleka ombi upya mkoani.

Kusubiri kwa pili kulikuwa kugumu kuliko kwa kwanza, na nitakwambia kwa nini. Mara ya kwanza nilikuwa nakuja nyumbani kukupa taarifa, hata kama taarifa yenyewe ni ya bure. Sasa nilikuwa natoka ofisini sina wa kumpelekea. Nikipeleka mafuta sokoni mjini napitia masjala, nasalimia, naambiwa bado, naenda zangu. Mwaka ukaisha, ukaanza mwingine. Mume wangu alikuwa mvumilivu, unamjua, ila jioni moja akaniambia, "Mke wangu, mama ameshapumzika. Na wewe pumzika." Kilichonichosha si njia. Ni kwamba nilikuwa nimeanza kwenda kwa mazoea. Kuna siku nilifika pale dirishani, yule dada akaniuliza habari za nyumbani, nikaeleza ya nyumbani yote, nikaaga, nikafika barabarani ndipo nikakumbuka sikuuliza.

Walinipigia nikiwa sokoni napima mafuta. Yule dada hakusema mengi: "Njoo." Nilimwachia jirani meza nikaenda.

Zilikuwa kurasa mbili za nakala. Mwandiko wa daktari haukusomeka vizuri, tukausoma wote wawili, yeye anafuata mstari kwa kalamu. Pacha wa kwanza, wa kiume. Alilia baada ya kuzaliwa. Alifariki mchana. Chini kabisa, kwa mwandiko mwingine: mwili umechukuliwa na baba wa mtoto. Na pembeni pakawa na saini ya baba. Naijua saini ya baba, mama. Aliandika jina lake lote kwa herufi za kuachana, kama alivyokuwa akiandika kwenye fomu zangu za shule.

Yule dada akaniuliza, "Kuna kosa?" Nikasema hapana. Nikamshukuru. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, watu wakawa wananipita. Nilichofikiria kwanza si Kulwa. Nilikuwa nawafikiria wale wauguzi wa Manyoni ambao uliwalaumu mpaka unaingia kaburini.

Kesho yake asubuhi nilipanda basi la Manyoni, nikaunganisha mpaka Itigi. Baba mdogo nilimkuta nyuma ya nyumba anaziba mzinga kwa gome.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Alinitazama mkononi. "Zimekuja?"

"Zimekuja."

"Nisomee."

Nikamsomea. Nilipofika pale kwa mwili kuchukuliwa na baba alivua kofia akaiweka gotini. Halafu akaanza, na alisema yote bila mimi kumwuliza.

Akasema siku ile baba alitoka Manyoni kwa treni ya mizigo. Gadi wa treni alikuwa rafiki yake wa kazini huko reli, akamficha kwenye behewa lake. Alishuka Itigi amebeba kitu ndani ya shuka la hospitali. "Nilikuwa stesheni, nikafikiri kaleta nyama," baba mdogo akasema. Mtoto alikuwa amefariki mchana. Joto lilikuwa kali na hapakuwa na pa kumhifadhi. Na daktari alikuwa amemwita baba pembeni akamwambia kwamba wewe, mama, umepoteza damu nyingi, usiku huenda usikukute.

"Kaka alisema, bora nimzike huyu leo nikiwa na nguvu, kesho nitakuwa na wa kumzika mwingine. Aliamini mama yako amekwisha. Tulimwosha, tukamswalia, tukamzika kabla ya magharibi. Kesho yake alirudi Manyoni na sanda, Doto. Alikwenda na sanda. Akamkuta mama yako amekaa kitandani, anakunyonyesha wewe, anamwuliza, mwingine ulimwona?"

Nilizikunja zile karatasi.

"Alikuwa amemwahidi. Akaniambia yale maneno yalimtoka yenyewe, kwamba hospitali imeshazika. Alitaka kuyarekebisha. Kila siku akawa anasema kesho. Mama yako akapona, akaanza kucheka tena, na yeye akaogopa. Ndipo akaniapisha."

Nikamwuliza kwa nini hakukwambia hata baba alipofariki. Hapo nilikuwa na hasira, mama, sitakuficha. Nilikuwa nawaza vile ulivyokuwa unaifunga simu kwenye khanga, na huyu mtu yupo Itigi, anakuletea asali kila msimu, anakula kwako, anajua.

Akasema, "Niliapa. Na siku za tanga mama yako alinishika mkono akaniambia kaka yako hajawahi kunidanganya. Niliona nikimwambia, atafiwa na mume mara ya pili."

"Na kama mimi ningekuuliza?"

"Ningekudanganya." Alisema hivyo hivyo, kavu. "Sasa karatasi imesema, sikusema mimi. Nimekaa nikiisubiri hiyo karatasi kama mlivyoisubiri ninyi. Kila nikiamka nasema, isije ikanikuta nimekufa."

Tulikwenda makaburini. Anatembea polepole siku hizi, tunasimama mara kwa mara avute pumzi. Alinipeleka hadi kwenye kaburi la baba. Mimi sikuwahi kufika pale. Wanawake hatukwenda kuzika, tulibaki nyumbani na wewe, unakumbuka, tumekuzunguka na Kurani inasomwa. Pembeni ya baba kuna kaburi dogo, limezungushiwa mawe, mawe yenyewe yameshazama nusu ardhini. Baba mdogo akasema ndivyo baba alivyousia: alazwe hapo. Wanaume walioshika majembe siku ile walidhani ni mtoto wa mtu mwingine, hakuna aliyeuliza.

Nilichuchumaa. Nikang'oa majani yaliyoota katikati ya mawe. Nilikuwa nimejiandaa kulia, machozi hayakuja. Nilichoka tu, mama, uchovu ambao mtu anausikia hadi kwenye vidole. Nikawaza, amekuwa hapa muda wote. Tulikuwa tunauza asali pale stesheni, na yeye yupo hapa, umbali wa kutuma mtoto chumvi.

Kisha nikamwuliza baba mdogo kama walimzika bila jina. Akashtuka. "Mtoto aliyelia utamzikaje bila jina? Kaka alimpa jina."

"Nani?"

"Salum."

Baba yako, mama. Yule mzee wa duka la vitambaa pale Singida mjini, aliyeapa hatamwoza binti yake kwa mfanyakazi wa reli, mkaoana hivyo hivyo na akakaa miaka hasemi na baba. Baba alisimama pale, peke yake na mdogo wake, wewe anadhani unakufa, akampa mwanawe jina la mtu aliyemkataa. Baba mdogo anasema alimwuliza kwa nini, akajibiwa, "Mama yake angetaka."

Sasa sijui nimweke wapi baba moyoni mwangu. Nimeandika aya hii mara nyingi na kuifuta. Kuna wakati nasikia nataka kumgombeza kwa zile safari zote, kwa wale wauguzi, kwa wewe kuondoka hujui. Halafu namwona akirudi Manyoni kesho yake, amekaa na sanda mapajani. Wewe ulikuwa unamjua kuliko mimi. Pengine ungekasirika wiki nzima, halafu ungemwekea chakula. Siwezi kukusemea.

Nimemsamehe baba mdogo, hilo nimeliweza. Tuliporudi nyumbani kwake alikula ugali mwingi, mkewe akashangaa, akasema siku nyingi hali hivyo. Mkoani pia nilipita kumwambia yule dada kuwa nimekuta kaburi. Alikuwa anawahudumia watu wengine, wamejaa kwenye benchi mpaka mlangoni, mama mmoja wa umri wako amekaa na bahasha mapajani. Alinisikiliza, akanishika bega, akaita jina la anayefuata.

Wewe uko huku Unyambwa na wao wako Itigi. Hilo linaniuma, na sina la kulifanyia. Nimemwambia Asha yote, na nimemwagiza kwamba akipita Itigi akatoe salamu kule makaburini kwanza.

Uliuliza wa kiume au wa kike. Wa kiume. Alilia, kama ulivyomsikia. Hakutupwa, mama, wala hakuzikwa na watu asiowajua. Aliogeshwa na baba yake, akaswaliwa, akazikwa na jina. Ukimwombea sasa, mwombee kwa jina hilo.

Mimi naweka kalamu hapa. Alizeti zimeanikwa nje na mvua inajikusanya, nami sina nguvu nyingi leo. Lala, mama. Hakuna tena taarifa ya kusubiri.

Mwanao,
mdogo wake Salum